Ngumi ya harusini: kisa cha nahodha wa pointi 58

Ugomvi ulianzia kwenye sinia la pilau.

Wahusika wa meza yangu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia kwa dadu, walialikwa harusi ya binti wa liwali, katika mji wa bandari niliouchora mwenyewe kwa kuiba vichochoro vya Mji Mkongwe na kuvibandika majina mapya. Kwa kuwa ni harusi, mlangoni pana bawabu na kasha kubwa la njumu. Kila mgeni anaacha humo upanga wake, jambia lake, hata bakora ya mchawi, na deraya pia inavuliwa, maana nani anakwenda kula pilau na chuma kifuani. Wamekaa mkekani, wamenawa, sinia limetua mbele yao, mara anaingia nahodha wa jahazi na mabaharia wake sita. Anakaa kwenye sinia lile lile na kumega pande la nyama bila hata salamu.

Nilitaka warushiane maneno dakika kumi kisha hadithi isonge, kwa sababu jahazi la huyo nahodha ndilo lililokuwa liwavushe Jumamosi inayofuata. Badala yake kijana anayechezesha askari aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akanikazia macho, akasema: "Mie nampiga ngumi."

Kilichofuata kilichukua saa moja na dakika arubaini, na kwa hakika kiliuharibu usiku. Nakieleza kisa chote pamoja na hesabu zake, kwa sababu dawa tuliyokuja kuipata haikuwa pale nilipokwenda kuitafuta kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo: ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la mwaka 2014. Mchezo wenyewe ni wa zamani, ulitoka mara ya kwanza 1974. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia na kuendesha ulimwengu, wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu kiasi gani, wepesi kiasi gani, uhai pointi ngapi. Ukitaka kufanya jambo ambalo si hakika, unarusha dadu la pande 20 na kuongeza nyongeza yako. Ukimshambulia mtu, jumla yako lazima ifikie kinga yake. Ikifika, unampunguzia uhai. Uhai ukifika sifuri, kaanguka. Sisi tunacheza kila Jumamosi baada ya isha, Mkunazini, kwenye ukumbi wa nyumba ya ami yangu, seti moja ya dadu iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai ikizunguka mikono mitano, na ami mwenyewe akiwa kibarazani na buli lake, akisikia kila neno.

Usiku ule tulikuwa pungufu. Dada anayechezesha mtawa, yule mpiganaji wa mikono mitupu, alikuwa kazini zamu ya usiku. Wakabaki askari, tabibu na mchawi. Mliowahi kuendesha meza mmeshaanza kuona shida inapokuja.

Hesabu za usiku ule

Kitabuni, ngumi ya mtu yeyote inaumiza pointi 1 na kuongeza nyongeza ya nguvu. Askari wetu yuko ngazi ya 5, nguvu 18, nyongeza 4. Ngumi yake basi ni pointi 5, kila siku, haipandi haishuki. Mabaharia nilikuwa nimewapa karatasi ya raia wa kawaida: uhai pointi 4, kinga 10. Baharia wa kwanza alipigwa moja akalala. Wa pili vivyo hivyo. Kanuni inamruhusu mpigaji aamue kuwa amemzimisha tu, hakumuua, na askari aliamua hivyo, Mungu amjaalie. Lakini tazama picha yenyewe: watu sita wazima, waliozoea kuvuta majarifa na kutweka tanga, wanazima mmoja mmoja kama taa za varanda. Mpaka raundi ya tatu inaanza, sita wote wako chini na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kutukana.

Halafu nahodha. Huyu nilimpa karatasi ya mpiganaji mkongwe: uhai 58, na bila deraya kinga yake ilibaki 11. Askari, akiongeza 4 za nguvu na 3 za uzoefu wa ngazi yake, anakosa dadu likitua 1 hadi 3 tu, na anapiga mara mbili kila zamu, kwa hiyo kwa wastani anatoa pointi 8 na nusu kwa raundi. Tabibu, nguvu 12, ngumi yake ni pointi 2. Mchawi, nguvu 8, nyongeza yake ni kutoa 1. Moja ukiitoa moja inabaki nini? Sifuri. Mchawi anaweza kumpiga nahodha ngumi kuanzia magharibi mpaka alfajiri, apate kila mara, na nahodha asijue kuwa kaguswa. Uchawi nao nilikuwa nimeupiga marufuku mle ndani kwa amri ya liwali, kosa langu mwenyewe.

Wote watatu pamoja hawafikishi pointi 10 kwa raundi. Kwa karatasi ilikuwa raundi sita, dadu zikawa mbaya ikawa tisa. Na upande wa pili nahodha alikuwa anatoa ngumi za pointi 4 kwa askari mwenye uhai 49. Hakuna aliyekuwa hatarini, na hakuna aliyekuwa anakaribia kushinda. Walikuwa wanamwaga bahari kwa kijiko.

Kilichoniuma zaidi kilitokea raundi ya sita. Askari akarusha, dadu likazunguka karibu na sahani ya visheti, likatua 20. Kijana aliruka. Mchawi akapiga meza. Dadu likitua 20 pigo huwa kubwa, unarusha dadu za madhara mara mbili, na kwa upanga hapo ndipo watu wanapopata hadithi za kusimulia wiki nzima. Nikaangalia kitabu. Ngumi haina dadu la madhara. Ina 1 tu, tena 1 iliyoandikwa, na kisichokuwa dadu hakirushwi mara mbili. Nikamwambia: "Pointi tano."

"Tano zile zile?"

"Zile zile."

Akakaa. Kutoka kibarazani ami akauliza, hata sauti hakuinua: "Wanangu, nyie mwapigana au mwahesabu?"

Nilivyotafuta pasipo

Jumapili nilianza na lile jawabu ambalo kila mtu hulifikia kwanza: ngumi iwe na dadu. Kitabu chenyewe kina njia hizo. Pana kipaji ambacho mhusika anaweza kukichukua cha kuwa mgomvi wa vilabuni, ngumi yake inakuwa dadu la pande 4 na akipata anaweza kumkamata mtu papo hapo. Mwaka 2020 ukaongezwa mtindo wa kupigana mikono mitupu, ngumi ya dadu la pande 6, au 8 ikiwa mikono yote haina kitu. Nikasema basi, niwape wote dadu la pande 4 bure. Nikafanya hesabu: ngumi ya askari inapanda kutoka 5 hadi wastani wa 6 na nusu. Nahodha badala ya raundi sita anakaa kama nne. Nimepunguza raundi mbili za kuchosha, na baharia mwenye pointi 4 bado anazima kwa konde la kwanza.

Tena nikaletewa mashitaka. Dada wa mtawa alipoona ujumbe wangu kwenye kundi letu la simu alijibu kwa sentensi moja: "Kwa hiyo sasa kila mtu ni mtawa, mie nichezeshe nini?" Alikuwa na haki. Mhusika wake ametoa kila kitu, deraya, ngao, panga, ili mikono yake iwe silaha. Ukigawa bure kile alichokilipia, umemnyang'anya.

Nikaenda upande mwingine, jedwali. Pua imevunjika, jino limetoka, jicho limevimba. Nikajaza ukurasa na nusu, halafu nikakumbuka kwamba njia hii wamekwishapita wenzetu: kanuni za mwaka 1979 zilikuwa na hesabu mbali za kupiga, za kukamata na za kumwelemea mtu, zote kwa asilimia, na wachezaji wakongwe wanazitaja mpaka leo kama mfano wa kitu ambacho hakuna anayekitumia. Nikaukunja ukurasa wangu.

Jambo nililopaswa kulitazama mapema ni hili. Kitabu cha 2014 *kina* kukamata na kina kusukuma. Badala ya pigo moja, unaweza kushindana na mtu kwa nguvu: ukishinda umemkamata, kasi yake inakuwa sifuri, au umemsukuma futi 5, au umemlaza chini. Toleo la 2024 limeyakusanya yote chini ya pigo la mkono mtupu na kumpa anayepigwa dadu la kujinusuru. Zana zipo, basi. Kwa nini katika raundi zote zile, saa moja na dakika arubaini, hakuna hata mmoja wa watu wangu aliyezigusa?

Nikawauliza. Tabibu akajibu kama mtu anayeeleza bei ya samaki: "Nikimsukuma, uhai wake unabaki pale pale. Nimepoteza zamu."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Mshindi anapimwa kwa kitu kimoja tu, uhai, na chochote kisichopunguza uhai ni hasara. Ngumi ikiwekwa kwenye mizani hiyo inakuwa upanga mdogo. Na uhai wenyewe unapanda kwa ngazi huku ngumi ikibaki chini, kwa hiyo kati ya baharia wa pointi 4 na nahodha wa 58 pana mara kumi na nne na nusu. Hakuna ngumi inayoweza kuwatosha wote wawili. Ukiikuza inaua wadogo, ukiidogosha inamtekenya mkubwa.

Ami na Makunduchi

Ami ni mtu wa Makunduchi. Kwake Mwaka Kogwa si jambo la watalii. Kila Julai hurudi kijijini hata kama mguu unamsumbua. Kwa asiyefika: mwaka mpya wa Kishirazi unapoingia, wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na kupigana kwa migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinatoka pale, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanapita na nyimbo za kuchambana, kisha watu wanakwenda kula. Ni mapigano ya kweli, jasho la kweli, na mtu anaweza kutoka na alama mgongoni. Lakini yana mpaka na kila mtu anaujua.

Nilikuwa nimekaa naye kibarazani na karatasi zangu. Akaniuliza nahodha kafia wapi. Nikamweleza shida ya pointi. Akanywa kahawa yake, akasema: "Pale uwanjani hakuna anayehesabu mapigo. Watu waulizana nani kakimbia, nani kaanguka, nani kaja kuamuliwa."

Neno la mwisho ndilo lililonishika. Kuamua. Kwa Kiswahili anayewatenganisha wagomvi *anawaamua*. Neno ni lile lile la hakimu. Ugomvi wetu hauishi mtu anapokufa. Unaishia pale mtu mzima anapoingia kati.

Nikaanza kuandika maneno tunayotumia kusimulia ugomvi, yale ya mtaani, bila kufungua kitabu cha mchezo. Kumbo. Mtama. Kukwida. Kabali. Kofi. Nikaona kitu ambacho nimekizungumza maisha yangu yote na sikuwahi kukitazama: hakuna hata moja kati ya hayo linalosema mtu kaumia kiasi gani. Kumbo linasema yuko wapi sasa. Mtama unasema yuko chini. Kukwida kunasema ukosi wa kanzu yake uko mkononi mwa nani. Kabali inasema hapumui. Na kofi linasema nani kaliona.

(Pembeni kidogo: ami amekulia katika Zanzibar isiyokuwa na ulingo. Ngumi za mashindano zilipigwa marufuku visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964 na ruhusa ikarudi 2022. Nahisi ndiyo maana msamiati wake wa ugomvi hauna raundi wala pointi, una watu na mahali.)

Kanuni zenyewe

Kanuni za msingi za toleo la tano zimewekwa huru tangu Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mtu unaweza kuzitafsiri, kuzikata na kuzishona upya bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi tulizikata hivi.

Ugomvi ukianza na pande zote hazina silaha, karatasi ya uhai inawekwa pembeni. Kila mtu anahesabiwa *pumzi*: nyongeza ya uzoefu na nyongeza ya uhimili, yaani ustahimilivu wa mwili, isipungue 2. Askari wetu ana 6, mchawi 5, nahodha 4, baharia 2. Ngumi, teke, kiwiko, kichwa, vyote vikipata vinaondoa pumzi 1. Dadu likitua 20 zinaondoka 2, ili asiruke mtu tena kwa furaha akaambulia "zile zile". Pumzi zikiisha mtu anakaa chini anahema. Hakufa, hakuzimia, kaishiwa tu, na akinywa maji baada ya ugomvi anainuka. Nahodha sasa ni mgumu mara mbili ya baharia wake, ile mara kumi na nne na nusu imekwisha.

Kumbo ni kule kusukuma kwa kitabu, futi 5, lakini ikiwa nyuma pana kitu, meza, ngazi, kisima, mtu mwingine, aliyesukumwa anapoteza pumzi 1. Kwa hiyo sasa ukumbi wenyewe ni silaha na ni lazima niuchore. Mtama, au ngwala, unamlaza mtu chini na wanaomfuata wanarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, kama kitabu kinavyotaka. Kukwida ni kukamata: kasi sifuri. Kabali haianzi hewani, lazima uwe umeshamkwida mtu. Tangu hapo kila zamu yake ikianza anapoteza pumzi 1 na hawezi kutamka neno, kwa hiyo wala kusoma uchawi. Mwenzake akikupiga kumbo, kabali inaachia. Mtawa, ili asinyang'anywe chake, ngumi yake ya kwanza ikipata kila zamu anaongeza mtama au kumbo bure, juu ya ngumi zake nyingi. Dada alisoma, akaandika "sawa", na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kofi ndilo nililolikalia siku tatu. Kofi haliondoi pumzi hata moja. Halitumii nguvu, linatumia haiba. Anayepigwa anarusha dadu la kujinusuru la hekima dhidi ya 8 ukiongeza uzoefu na haiba ya mpigaji. Akishindwa, zamu yake inayofuata lazima amwendee aliyempiga, aache kila alilokuwa analifanya, au arudi nyuma hatua zake zote mbele ya watu. Achague fedheha ipi. Mtu mzima akipigwa kofi harusini, mbele ya wakwe, hafikirii tena nani amesimama nyuma yake. Kila mmoja wetu amewahi kuona jambo hilo au kusimuliwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Mwisho, waamuzi. Kila raundi ikiisha narusha dadu la pande 6. Raundi ya kwanza likitua 1, watu wazima wameingia kati na ugomvi umekwisha. Raundi ya pili 1 au 2. Ya tatu hadi 3. Ya sita ni lazima. Ukipiga hesabu, ugomvi unakaa kwa wastani raundi 2.77, yaani chini ya tatu, na kwa kuwa hakuna anayejua ni ipi, kila mtu anataka kufanya jambo lake kubwa sasa hivi. Na anayetoa kisu? Anakitoa. Karatasi za uhai zinarudi mezani, na wote waliokuwepo wanajua ni nani aliyekitoa kwanza.

Kurudi kwenye sinia

Niliwaomba turudishe usiku nyuma. Safari hii mtawa yupo. Nahodha akamega nyama ile ile.

Askari akaanza na ngumi kama kawaida yake, ikapata, pumzi 1. Mabaharia wakainuka. Tabibu, mtu mpole ambaye kwa miezi anaponya watu tu, akauliza: "Huyu aliye karibu nami, nyuma yake pana nini?" Nikatazama mchoro. Nyuma yake palikuwa na sinia la pili. Kumbo. Baharia akaketi katikati ya pilau ya wakwe, pumzi 1 imekwenda, na mezani kwetu hakuna aliyesikia kitu kwa dakika nzima kwa vicheko. Mtawa akapita katikati ya wawili, ngumi moja na mtama, mwingine ngumi mbili akakaa chini.

Nahodha akamkwida askari na kujiandaa kwa kabali. Hapo ndipo mchawi, yule wa ngumi ya sifuri, alipovuta kiti mbele. Hakusema "nampiga". Alisema, kwa sauti ya mhusika wake: "Nahodha, salamu zako ziko wapi?" Kisha akarusha kofi lake.

Lilipata. Nikarusha hekima ya nahodha: dadu likatua 4. Nikatua kidogo, kwa sababu nilikuwa namjua nahodha wangu, huyu harudi nyuma. Akamwachia askari ukosi, akageuka, akaenda kwa mchawi na mikono miwili mbele, na askari aliyekuwa ameachiwa nyuma yake akampiga mtama. Nahodha wa jahazi, chali, mkekani. Ngumi mbili juu yake, moja ikapata.

Raundi ya pili imeisha. Nikarusha dadu la waamuzi, likatua 2. Bibi yake bibi harusi akaingia katikati na upawa mkononi, akamtazama kila mmoja kwa zamu, na mimi nikamchezesha kwa sauti ya bibi yangu mwenyewe, Mungu amrehemu: "Haya, nani kawalea nyinyi?" Basi. Nahodha kabaki na pumzi mbili na uso mwekundu. Dakika ishirini na tano tangu ngumi ya kwanza.

Matundu

Yapo. Kofi lilileta shida wiki iliyofuata tu: mchawi aligundua kuwa anaweza kumvuta mtu yeyote popote, akampiga bawabu, akampiga karani wa forodha, akataka kumpiga simba wa mapambo ya mlango. Tumeweka kwamba mtu mmoja hafadhaiki kwa kofi mara mbili katika ugomvi mmoja, na mie naandika nyuma ya daftari jina la kila aliyepigwa. Wanarudi. Bawabu ameshakuwa na shemeji anayefanya kazi gerezani.

Kijana mmoja mgeni, Mpemba, alitaka tujaribu kanuni kwa ng'ombe, kama mchezo wa ng'ombe wa kwao, ambako ng'ombe hauawi na ushujaa ni kusimama mbele yake na kujua wakati wa kuondoka. Kitabu kinakubali: unaweza kumkamata anayekuzidi ukubwa kwa daraja moja, na ng'ombe yuko hapo hapo. Ila pumzi za ng'ombe ni shauri jingine, na nimemwambia asubiri.

Tulichogombana nacho zaidi ni upawa. Askari alitaka kuuchukua kwa bibi ampige baharia wa mwisho. Kitabu kinasema kitu chochote kilichookotwa ni dadu la pande 4 la uhai. Je, upawa ni silaha, ugomvi umegeuka vita? Nusu saa. Tukakubaliana kuwa kilichotengenezwa kwa kupikia au kukalia ni ngumi, na kilichotengenezwa kuua ni silaha. Mchawi akauliza: na mchi wa kinu? Kimya. Ami akajibu kutoka kibarazani kabla yangu: "Mchi ni silaha. Muulize shangazi yako."

Nahodha amekubali kuwavusha. Kadai nauli mara mbili, na sharti lake ni moja: yeye akae tezi na usukani wake, mchawi akae omo, na mikono yake ionekane.